Kahawa ya Mzee wa Kanisa

Mzee Elieza Mgaya amelima kahawa kwa miaka thelathini na minane, na kwa miaka hiyo yote amekunywa chai. Kijijini kwake Mawengi hakuna anayeshangaa. Kahawa ni kitu cha kuuza, kama mbao, na hakuna mtu anayetafuna mbao. Unaichuma, unaimenya, unaiosha, unaianika, unaifikisha chama cha msingi, na kutoka hapo inapanda lori kwenda kwa watu ambao, kwa sababu wanazozijua wenyewe, hawataki kulala.

Mibuni yake ni ya urithi. Baba yake aliipanda kwenye mteremko nyuma ya nyumba, mia nne na kumi na miwili, na chini kabisa, karibu na kijito, akapanda kichaka cha mianzi. Mianzi tutairudia, maana haikwepeki. Mzee yule hakuacha wosia. Aliacha panga la kupogolea na tabia ya kutembea kati ya mistari kila asubuhi akigusa mashina, kama mwalimu anayehesabu wanafunzi. Elieza alivichukua vyote viwili. Ukungu unapopanda kutoka bondeni, mibuni ile husimama kama watu waliowahi kufika msibani: kimya, wamelowa, wanasubiri kuambiwa wakae wapi.

Kisha likaja parachichi. Mkoa wetu una bahati ya kuokolewa mara kwa mara. Uliokolewa na pareto, ukaokolewa na miwati, ukaokolewa na mbao, ukaokolewa na viazi, na kila mwokozi alipoondoka alituacha na mashimo shambani na wimbo wa kumsifu. Sasa ni zamu ya parachichi. Watu wamelipokea kwa imani kubwa. Wameng'oa mahindi, wameng'oa migomba, na nimemwona mtu mmoja akitazama kaburi la mjomba wake kwa macho ya kupima nafasi.

Feliciana, mke wa Elieza, si mtu wa kufuata mkumbo. Alizaliwa Uwemba, akakua jirani na misheni ya Kikatoliki, na watawa walimfundisha kushona, kusali na kupiga hesabu kichwani. Alikaa miaka sita akiangalia miparachichi ya majirani ikianza kuzaa. Mwaka wa saba akaagiza miche mia mbili. Ndipo akamwita mumewe jikoni.

"Baba Jasmine, miche inafika Jumamosi."

"Nimesikia."

"Mahali penye udongo wa kufaa ni mteremko."

"Mteremko una mibuni."

"Naiona. Nakaa nayo. Nipe sababu moja tu ya ile mibuni kuendelea kusimama. Usiniambie marehemu baba. Marehemu baba angekuwa hai, angekuwa ameshachimba mashimo."

Elieza alifikiri. Chai ilipoa. "Nikipata mtu wa kuinunua kahawa kwa ubora wake?"

"Ukimpata kabla ya Jumamosi, mibuni yako ibaki. Usipompata, uje na jembe."

Ilikuwa Jumanne.

Sasa, ubora. Hapa inabidi niseme jambo ambalo Mzee Elieza angependa lisisemwe. Kahawa pekee iliyokuwa imebaki nyumbani mwake ni gunia moja lililokataliwa. Mwezi wa saba, wiki ya kumenya, pipa la bluu ambamo huivundika kahawa yake ili ute utoke lilikuwa limeazimwa kwenye sherehe ya kipaimara kwa akina Tweve, na likarudi limepasuka, kwa sababu Wakristo wakifurahi hufurahi kweli. Kahawa iliyokwisha kumenywa haisubiri. Elieza akaenda nyuma ya ghala, akaondoa mabati matatu makuukuu, akatoa pipa lingine.

Pipa hilo halikupaswa kuwepo. Lilikuwa la ulanzi.

Kwa wasiojua neema zetu: masika machipukizi ya mianzi hukatwa ncha, na utomvu wake hudondoka kwenye mbeta, yaani vikombe vya mwanzi, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza ulanzi ni mtamu, wa watoto. Siku ya tatu humfanya mtu mzima amweleze mbwa matatizo ya ukoo. Elieza ni mzee wa kanisa. Zaidi ya hapo ni katibu wa kamati ya maadili ya mtaa, na mwaka jana ni yeye aliyesimama mbele ya washarika akasoma azimio kuhusu wazee wanaokunywa ulanzi, kwa sauti nzito kiasi kwamba kina mama wawili walilia. Alilisoma lote, akarudi nyumbani, akaenda kukata machipukizi. Mianzi ni ya marehemu baba, alijiambia, na kuiacha isigemwe ni kumdharau mzazi. Amri ya nne iko wazi.

Feliciana alikuwa na msemo wake juu ya hilo. "Sisi wa Uwemba tunakunywa mlango wazi, tunaungama Jumamosi. Nyie mnakunywa mlango umefungwa, mnahubiri Jumapili. Mbinguni tutaona nani amechoka zaidi."

Basi Elieza alilisuuza pipa mara moja, kama mtu anavyosuuza jambo analolifanya kwa haraka, akamimina kahawa. Ikatokea msiba, akakaa huko siku tatu. Aliporudi, kahawa iliyotakiwa kulala usiku mmoja ilikuwa imelala siku tatu juu ya machicha ya ulanzi. Akaiosha, akaianika kwenye kichanja, akamwomba Mungu. Karani wa mizani wa chama aliingiza mkono ndani ya gunia, akanusa kiganja, akawatazama watu kwenye foleni.

"Mzee Elieza, hii kahawa yako imelewa."

Foleni ilicheka hadi mlangoni. Gunia likarudi nyumbani.

Ndilo alilokwenda kulitafutia mnunuzi wa ubora.

Wazo la safari lilikuwa la Jasmine, binti yao mkubwa, anayeuza kwenye duka la dawa Njombe mjini. Jasmine alikuwa amemwambia baba yake kwa simu kwamba mjini siku hizi kuna nyumba za kahawa, na si zile za kahawa ya kopo. Wenyewe wanajali ubora, wanataka kumjua mkulima. Alikuwa na orodha. Elieza akajaza mfuko wa kilo mbili kwa buni mbichi, akachukua na kopo la zilizokaangwa na Feliciana kwenye kikaango cha karanga, akavaa koti la Jumapili na kupanda basi.

Kwenye kiti cha mbele alikuwa ameketi Mwinjilisti Lenard, kiongozi wa mtaa wao na mwenyekiti wa kamati ya maadili, akiwa na Biblia na mfuko wa maandazi.

"Kamwene, katibu! Safari ya wapi?"

"Kamwene, mwinjilisti. Njombe. Kuitafutia kahawa soko. Wewe je?"

"Semina, Makambako, kesho saa nane. Leo sina kazi." Alifikiri kidogo. "Nitakusindikiza. Mtumishi hawezi kumwacha mzee wake peke yake katika nyumba za starehe."

"Ni nyumba za kahawa."

"Ndiyo nasema."

Barabara ya zege iliwafikisha Njombe kabla ya saa sita. Jasmine aliwapokea, akamwamkia baba yake na mwinjilisti, akasoma orodha.

Ya kwanza iliitwa Ukungu Kafe, jina zuri kwa mji ambao hauhitaji kukumbushwa. Ndani kulikuwa na viti vya magogo, taa zilizoning'inia kwa kamba bila vivuli, na ukutani picha kubwa za wakulima wa mbali wakicheka kwenye mashamba yao. Mwenye nyumba, kijana mmoja aitwaye Remmy, alikuwa amevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba na aproni ya ngozi kama mtu anayetaka kumpigilia farasi viatu vya chuma.

"Karibuni sana wazazi. Leo tuna tatu: ya Kolombia, ya Ethiopia, na ya nyumba."

"Ya nyumba inatoka wapi?" Elieza aliuliza.

"Dubai."

Mwinjilisti Lenard aliagiza ya nyumba. Ikaja na povu, na juu ya povu limechorwa jani.

"Jani la nini hili?" akauliza.

"La parachichi," Elieza akasema.

Kisha aliweka mfuko wake mezani. Alieleza kwamba ni mkulima, anatoka Mawengi, na hii ni kahawa yake. Remmy aliusogeza kwa ncha ya kidole, kwa heshima, kama mtu anayemsogeza paka wa mgeni.

"Mzee wangu, nakupongeza sana. Ila sisi wateja wetu hawanunui kahawa tu, wananunua hadithi. Wanataka kumjua mkulima. Anaishi wapi, amepitia nini."

"Mkulima ni mimi."

"Ndiyo, baba, lakini..." Remmy alimtazama, koti la Jumapili, viatu vilivyopakwa dawa ya kiatu, kisha akatazama picha ukutani. "Huyu ana punda."

Elieza hana punda.

Ya pili ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ilisifika kwa mashine yake kutoka Italia. Mashine ilikuwepo kweli. Ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kama televisheni kwenye nyumba za watu wenye adabu. Dada wa pale alieleza kwamba fundi yuko njiani kutoka Dar es Salaam. Tangu lini? Tangu Pasaka. Kwa sasa wanatoa chai ya maziwa yenye tangawizi. Walikunywa chai ya maziwa yenye tangawizi, na Elieza hadi leo anaitaja kama kahawa bora aliyoipata Njombe.

Kulikuwa na ya tatu, kwenye hoteli, ambako meneja alinusa kopo la Feliciana, akasema, "Tutakupigia," bila kuomba namba.

Jioni, kwa Jasmine, Elieza alikaa mlangoni akiangalia mabati ya mji yakipoteza rangi. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka kwenye misitu ya mipaina, polepole, ukimeza nyumba moja moja bila kuuliza ya nani. Alikuwa anawaza mashimo mia mbili. Shimo la parachichi humfikia mtu kati ya goti na kiuno. Mtu wa miaka sitini na moja anaweza kuchimba manne kwa siku kama udongo umelowa, na kila moja litaanza kwa kukata shina ambalo baba yake aliligusa.

"Baba, kesho kuna moja Makambako," Jasmine alisema. "Wanasema yule kijana ni mkali. Huwakatalia watu."

"Leo wamenikatalia wapole. Twende kwa mkali."

Makambako ni mji uliojengwa na watu waliokuwa wanakwenda kwingine. Wanaotoka Dar wanakwenda Mbeya, wanaotoka Songea wanakwenda Iringa, na malori ya Kongo yanakwenda popote yanakokwenda. Hapa wanashuka kunyoosha miguu, kula chipsi na kulaumu baridi. Upepo ndiye mwenyeji pekee. Nyumba ya kahawa ilikuwa kontena lililopakwa rangi nyeusi, nyuma ya yadi ya malori, na mwenyewe, Brayson, alikuwa amefanya kazi miaka minane Moshi akionja kahawa za wengine kabla ya kuja kuonja za kwake. Hakuwa na picha ukutani. Alikuwa na ndevu, mizani ndogo na uso wa daktari wa zamu ya usiku.

Walimkuta asubuhi, watatu: Elieza, Jasmine, na mwinjilisti, ambaye semina yake ilikuwa bado mpaka saa nane.

Brayson alifungua kopo la Feliciana, akanusa, akalifunga.

"Hii imeungua. Nani ameikaanga?"

"Mama yake huyu."

"Mwambie namsalimia, na aendelee na karanga." Akafungua mfuko wa buni mbichi. Hapo alisimama. Alinusa mara moja, akasogea mlangoni kwenye mwanga, akanusa tena. Elieza aliisubiri ile sentensi ya foleni. Haikuja. Kijana alichukua viganja viwili vya buni, akavikaanga kwenye kimashine kidogo, akavisaga, akamimina maji ya moto kwenye vikombe vitano, akasubiri akiangalia saa. Kisha akachukua kijiko, akavuta kahawa kwa mluzi mkubwa ambao Elieza amewachapa watoto wake kwa kuufanya mezani. Akazungusha mdomoni. Akatema kwenye ndoo.

"Ametema," Elieza alimnong'oneza binti yake.

"Ni utaalamu, baba."

"Nyumbani tukitema tunamaanisha."

Brayson alivuta kikombe cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano. Cha tano hakukitema. Alikaa kwenye kreti la soda.

"Mzee, hii umeivundika na nini?"

"Maji."

"Maji hayafanyi hivi. Nimeonja kahawa za maji miaka minane. Hii ina kitu. Ina tunda, ina mvinyo, halafu mwishoni inakuja kama majani mabichi baada ya mvua. Sijawahi kukutana nayo." Alimtazama Elieza kwa ukali, kama amemwibia. "Naitaka yote. Gunia zima. Na ya mwakani, na ya mwaka unaofuata, mteremko wako wote. Nitaiuza na jina lako kwenye pakiti. Lakini siwezi kununua ajali. Lazima uniambie umefanyaje, na lazima uweze kufanya tena. Usiponiambia, chukua mfuko wako."

Jasmine alimgeukia baba yake. Pembeni, Mwinjilisti Lenard, ambaye alikuwa amepewa kikombe kwa heshima ya cheo chake, alikunywa na kuchungulia ndani.

"Tamu," alisema. "Inanikumbusha kitu. Sijui nini."

Elieza alijua nini. Brayson alikuwa amemsukumia kikombe mbele, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa ameonja kahawa yake mwenyewe. Haikuwa kahawa. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua imekatika sasa hivi, na baba yake anarudi kutoka kijitoni na mbeta mbili zinazodondosha povu, magoti yamelowa umande, anamwita kijana wake aje aonje ule wa leo kabla haujakuwa wa watu wazima. Miaka hamsini. Akaweka kikombe chini taratibu.

Upande mmoja wa meza ilikaa mibuni mia nne na kumi na miwili. Upande wa pili alikaa mwenyekiti wa kamati ya maadili, amekunja nne, anapuliza kikombe chake.

"Ni pipa," Elieza alisema.

"Pipa gani?"

"Pipa... lilikuwa na ulanzi kabla."

Kijiko cha mwinjilisti kiligonga kikombe mara moja.

"Ulanzi!" Brayson alisimama. "Machicha yake yalikuwemo?"

"Kidogo."

"La nani hilo pipa?"

Kuna nyakati shetani hahangaiki hata kunong'ona. Anakaa tu pembeni, anakuacha ufanye mwenyewe. Elieza alikohoa.

"La Mama Jasmine," alisema. "Yeye ni wa Uwemba."

Jasmine alitoa simu yake. Mwinjilisti Lenard aliitikia kwa kichwa, kwa huruma, kama mtu aliyeelewa sasa mambo mengi kuhusu ndoa za mseto.

"Basi huyo mama ndiye fundi!" Brayson alisema. "Mzee, samahani, nilikuwa naongea na mtu mwingine. Jina la kwenye pakiti litakuwa lake. Anaitwa nani? Nipigieni simu niongee naye, nimuulize ulanzi wa siku ngapi."

Elieza alisema mtandao wa Mawengi ni mbaya. Jasmine, ambaye hakulelewa kusema uongo, au labda alikuwa amechoka, alikuwa ameshapiga, na akaiweka simu mezani kwa sauti ya wazi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Amepata?"

"Baba anataka kukuuliza kitu."

Elieza aliinamia simu kama mtu anayeinamia kisima. "Mama Jasmine. Kuna kijana hapa anaulizia pipa lako."

"Pipa langu? La bluu? Si lilipasuka kwa akina Tweve?"

"Si hilo. Lile lingine."

"Lingine lipi? Lile lako la nyuma ya ghala, unalolificha na mabati?"

Nje, lori lilipiga honi ndefu, halikusaidia.

"Limefanyaje?" sauti iliendelea. "Limekamatwa?"

"Shikamoo mama," Brayson aliingilia.

"Marahaba. Wewe ni polisi?"

"Hapana mama, mimi nauza kahawa. Naitaka ile iliyolala kwenye hilo pipa."

"Ile iliyolewa?"

"Hiyo hiyo. Yote. Na kila mwaka, kama mnaweza kuirudia."

Kwenye simu walisikia kuku, na mtu akipasua kuni mbali. Feliciana alikuwa anapiga hesabu kichwani.

"Baba Jasmine," alisema mwishowe, kwa upole kuliko kawaida yake. "Hapo uko na nani?"

"Na Jasmine. Na huyu kijana." Akamtupia jicho mwenyekiti. "Na mwinjilisti."

"Lenard?"

"Ndiyo."

"Aaa. Basi nisikilize. Mimi naweza kusema pipa ni langu. Sina cheo cha kupoteza. Lakini mibuni si yangu, na mimi sitaamka alfajiri kuigusa. Sema mwenyewe. Ukisema, miche nitaipanda kwenye shamba la viazi."

Elieza alinyooka. Alifunga kifungo cha koti. Kwa sauti ile ile aliyosomea azimio, nzito, isiyo na haraka, alisema:

"Pipa ni langu. Ulanzi ni wangu, wa mianzi ya marehemu baba. Naugema mimi, na naunywa mimi. Kahawa ilikaa humo siku tatu. Naweza kurudia."

Brayson alikuwa anaandika. Jasmine alikuwa anaangalia sakafu, mabega yanatikisika, na si kwa kilio. Mwinjilisti Lenard aliweka kikombe kitupu juu ya meza, akakisogeza mbali naye kama ushahidi.

"Katibu," alisema, "hili litakwenda kwenye kikao."

"Najua, mwenyekiti."

"Ni jambo zito."

"Najua."

"Kijana," mwinjilisti akamgeukia Brayson, "hicho cha tano ulichokinywa, kilibaki?"

Kamati ya maadili ilikaa Jumatano iliyofuata, kwenye chumba cha nyuma cha kanisa, wajumbe saba. Kumbukumbu za kikao ziliandikwa na katibu kwa mwandiko wake mzuri wa kuinama, na ninayo ruhusa ya kuzitaja. Zinasema hivi: "Ajenda ya pili, pipa. Mzee Elieza aliulizwa kama pipa ni lake. Mzee Elieza alijibu ndiyo. Aliulizwa kama anajutia. Alijibu kwamba anajutia azimio zaidi. Katibu aliombwa asiandike hilo. Katibu ameliandika." Aliondolewa kusoma matangazo na kubeba kapu la sadaka kwa miezi sita. Walimtafuta katibu mwingine, wakakosa mwenye mwandiko unaosomeka, wakamwacha.

Watu wa foleni walimcheka wiki mbili nyingine. Jumapili alikaa benchi la nyuma, kati ya wanaochelewa na wanaonyonyesha, na wimbo ulipoanza hakujua mikono aiweke wapi bila kapu. Hilo lilimuuma, hata asiposema. Asubuhi aliendelea kutembea mteremkoni. Miche mia mbili ilifika siku yake ikapandwa kwenye viazi, na Feliciana huimwagilia akiitazama mibuni kule juu kwa jicho la mwenye nyumba anayempa mpangaji mwaka mmoja mwingine.

Siku ile ya kikao ilibaki ajenda ya tatu, ambayo kamati iliikwepa hadi jua likatoka dirishani. Kahawa ya mwakani inahitaji pipa, na pipa linahitaji ulanzi. Bila hivyo hakuna kahawa, na bila kahawa, mjumbe mmoja alikumbusha, hakuna sadaka ya mavuno kutoka mteremko ule. Walisoma Maandiko. Walimtafuta Nuhu, wakamwacha, wakaenda Kana, kwenye harusi ya divai, wakakaa kidogo Kana. Hatimaye iliazimiwa kwamba ulanzi wa Mzee Elieza unaruhusiwa kwa ajili ya kahawa peke yake, na kwamba, ili kuhakikisha hautumiki vinginevyo, kila baada ya wiki mbili katika majira ya masika mjumbe mmoja wa kamati atakwenda kulikagua pipa kwa karibu.

Mwenyekiti aliuliza nani yuko tayari kwa kazi hiyo. Wajumbe wote saba walinyoosha mikono.

Elieza aliandika majina yote, la mwinjilisti la kwanza, la kwake la mwisho, akapuliza wino ukauke. Kisha akachukua panga la baba yake, aliloliacha nje karibu na ngazi, akapanda mteremko kupogoa kabla mvua haijaanza.